Mchezaji Ndani ya Kinyago: Mapiko na Midimu katika Pwani ya Ruvuma

Ngoma zimejaa kote Afrika Mashariki, lakini vinyago vya kuvaa, yaani sura zilizochongwa kwa mti ambazo mtu huzitia usoni au kichwani ili acheze akiwa kiumbe kingine, si mila iliyoenea kila mahali. Kitovu chake kiko kusini, katika nchi ya Wamakonde inayoanzia kwenye uwanda wa juu wa Newala na Tandahimba, ikateremka hadi Mikindani, Mtwara na Msimbati, ikavuka mlango wa Mto Ruvuma na kupanda tena upande wa Msumbiji hadi Nangade na Mueda. Katika eneo hilo mchezaji wa kinyago amekuwa kwa vizazi vingi mtu mwenye kazi maalumu, mwenye mafunzo yake, wapinzani wake, miaka yake ya kusifiwa na siku yake ya kuuacha uwanja. Hata hivyo maandishi mengi juu ya sanaa ya Wamakonde yamemtazama mchongaji na mti wake, na yule anayeutia mti huo uhai kwa miguu, mabega na pumzi zake ametajwa kwa maneno machache, kana kwamba kinyago kilijichezea chenyewe. Makala hii inamtazama mchezaji huyo, na pale inapofaa inamlinganisha na mwenzake wa mbali ambaye dunia inamfahamu zaidi, mwanamieleka wa kulipwa, ambaye naye hutafuta riziki kwa kuvaa nafsi isiyo yake mbele ya hadhira iliyokubali kuamini.

Majina yanahitaji kuelezwa kwanza, kwa sababu Mto Ruvuma umeyagawa kama ulivyowagawa watu. Wamakonde wa Msumbiji hukiita kinyago chao lipiko, na vikiwa vingi ni mapiko. Kwa kawaida ni kinyago cha kofia, kilichochimbwa ndani ili kifunike kichwa kizima, na huvaliwa kikiwa kimeinamishwa nyuma kidogo hata mchezaji akawa anaona kupitia tundu la mdomo. Wamakonde wa upande wa Tanzania wamekuwa na midimu, umoja wake ndimu, ambavyo ni vinyago vya kufunika uso peke yake, na pamoja navyo viwiliwili vya mti vyenye matiti na tumbo la mjamzito, ambavyo mwanamume hujifunga kifuani akacheza nafasi ya mwanamke. Upande huohuo wa Tanzania wapo pia wachezaji wanaopanda juu ya ngongoti, yaani miti mirefu inayofungwa miguuni na kumfanya mchezaji aonekane jitu lipitalo juu ya mapaa. Mgawanyiko huu wa kofia na uso haukuwahi kuwa ukuta, kwa kuwa watu walivuka mto kila mwaka kwa ndoa, kwa njaa, kwa kazi na kwa vita, na vinyago vilivuka pamoja nao, hata leo ukisikia neno mapiko likitamkwa Mtwara mjini halimshangazi mtu.

Kinyago chenyewe huchongwa kwa mti mwepesi wa jamii ya msufi mwitu, si kwa mpingo ambao wageni wameuzoea katika vinyago vya kuuzwa, kwa sababu mchezaji atakibeba kwa saa nyingi juani na shingo ya binadamu ina kikomo chake. Nywele halisi hunatishwa kichwani, na chale za uso, ambazo zamani zilikuwa alama ya Mmakonde wa kweli, huonyeshwa kwa kuchanja mti au kwa kubandika nta nyeusi iliyoinuka kama kovu. Sura ya mwanamke mtu mzima hupewa ndonya, kile kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu. Baada ya kinyago huja vazi, ambalo kwa mchezaji ni muhimu sawa na uso: nguo hukazwa mikononi, miguuni na shingoni mpaka pasibaki hata ukucha wa ngozi unaoonekana, kiunoni hufungwa njuga, na kila hatua hutoa mlio unaopaswa kulingana na ngoma. Sheria ya kutoonyesha ngozi ilikuwa na sababu nzito, maana lipiko hakutakiwa kuwa mtu.

Hapo ndipo ilipo siri iliyoifanya sanaa hii iwe ilivyo. Wanawake na watoto waliambiwa kwamba lipiko ni mzuka, roho ya marehemu iliyoamshwa na wanaume kwa nguvu wanazozijua wao, na kiumbe huyo alipotokea kijijini akikimbia huku na huko na kutisha, wanawake walipiga yowe na kukimbia, kisha wakarudi kutazama, kisha wakakimbia tena. Mvulana aliijua siri hii jandoni, katika mafunzo ya kumtoa utotoni ambayo Wamakonde huyaita likumbi. Katika kilele cha mafunzo hayo mwali, yaani kijana anayepitishwa jando, aliamriwa amkabili lipiko badala ya kumkimbia, na katika makabiliano hayo kinyago kilivuliwa, na ndani yake akamwona mtu anayemfahamu, pengine mjomba wake, pengine jirani. Akaonywa asimwambie mama yake wala dada zake. Watafiti kutoka Ureno, Jorge Dias na mkewe Margot Dias, waliofanya kazi katika nyanda za Mueda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, waliyahusisha mapiko na muundo wa jamii ya Wamakonde, ambayo huhesabu ukoo kwa upande wa mama: pale ambapo mwanamke ndiye shina la ukoo, kinyago kiliwapa wanaume eneo la mamlaka lisiloingiwa na mtu mwingine.

Maelezo hayo yana uzito, lakini yanaacha nusu ya jambo. Wanawake walijua. Walijua kwa sababu waliyafua mavazi, walipika chakula cha wachezaji, walitambua mwendo wa mume au kaka hata alipofunikwa gubigubi. Na bado walikimbia, kwa sababu kukimbia kulikuwa sehemu yao katika mchezo, na mwanamke aliyesimama kumkodolea macho lipiko angekuwa ameiharibu sherehe ya wote. Siri ya mapiko kwa hiyo haikuwa ujinga wa upande mmoja uliotumiwa na upande mwingine. Ilikuwa mapatano, na ugumu wa kazi ya mchezaji ulikuwa kuyafanya mapatano hayo yastahili kutunzwa, maana hadhira inayojua ukweli ndiyo ngumu zaidi kuitisha.

Mafunzo yalifanyika mahali pa faragha porini palipoitwa mpolo, ambapo vinyago vilihifadhiwa na ambapo asiyepita jando hakuruhusiwa kukaribia. Kijana hakuanza kwa kuvaa kinyago. Alianza kwa kusikiliza ngoma. Kundi la mapiko lina ngoma za namna kadhaa, zikiwamo vinganga, ngoma ndogo zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini na kupigwa kwa fito nyembamba, ambazo mlio wake mkali hubeba mwendo wote, na juu ya mwendo huo ngoma kubwa hupiga misemo ambayo mchezaji lazima aijibu kwa mwili. Ngozi za ngoma huotwa kwenye moto wa majani mpaka zikaze, na wapigaji huzirudisha motoni kila zinapolegea. Mchezaji aliyevaa lipiko haoni ila sehemu ndogo ya ardhi mbele yake, hasikii vizuri kwa kuwa masikio yamefunikwa, na anapumua hewa yake mwenyewe. Kinachomwongoza ni mtetemo wa ngoma unaopanda kutoka chini, na mazoezi ya mpolo yalikuwa na lengo la kumfikisha mahali ambapo mwili unajibu kabla ya akili. Anapokaribia wapigaji husita, hutikisa mabega kwa kasi hadi njuga zikafanya sauti moja, hukata ghafla pamoja na ngoma, na kimya hicho cha nukta moja ndicho ambacho wajuzi hukisubiri. Aliyekosea kukata alichekwa, na kicheko cha kijiji jirani kiliweza kudumu msimu mzima.

Jirani ndiye aliyeufanya uchezaji kuwa mashindano. Sherehe za kuwatoa wali jandoni hufanyika kiangazi, baada ya mavuno, na siku hizi aghalabu hupangwa kufuata likizo za shule. Wenyeji walialika makundi kutoka vijiji vingine, wakayalisha, wakayapa zawadi au fedha, na makundi hayo yakapimana mbele ya umati, kila moja likileta kinyago kipya, hatua mpya au wimbo mpya. Mwanahistoria Paolo Israel, ambaye kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya mapiko ya Msumbiji ndicho kilichochimba historia hii kwa kina zaidi, ameonyesha kwamba mitindo ya mapiko imezaliwa, ikashamiri na ikafa mmoja baada ya mwingine tangu enzi ya ukoloni, ikisukumwa na ushindani wa makundi na wa vizazi. Picha ya mila isiyobadilika, iliyoganda tangu zama za mababu, haina nafasi hapa. Vinyago vilimfuata kila aliyeingia katika nchi: Mreno mwenye masharubu, Mhindi wa duka, Mwislamu wa pwani mwenye kofia, askari, padri. Mchezaji alitakiwa amwigize mtu huyo kwa mwendo wake, na mafanikio yalikuwa pale umati ulipomtambua kabla hata wimbo haujamtaja.

Maisha ya kazi hii yalikuwa na kikomo cha mwili. Magoti, kiuno na mapafu huamua, na mchezaji aliyepita umri wake hawezi kuficha, kwa sababu njuga humsema. Lakini kustaafu kinyago hakukuwa kutoka katika kundi. Aliyeacha kucheza alihamia kwenye ngoma, au akawa mkufunzi wa mpolo, au mtunga nyimbo, au mzee ambaye bila idhini yake kundi halitoki. Na kwa kuwa kinyago kwa kawaida kilihesabiwa kuwa cha kundi, si cha mtu mmoja, mrithi wake alikivaa huku yeye mwenyewe akimpigia ngoma na kumrekebisha. Sifa aliyoipata alipokuwa kijana haikutangazwa kwa jina lake rasmi, kwani jina la aliye ndani halikupaswa kutajwa, lakini ilijulikana kwa wote, na ilimpa heshima barazani hata alipokuwa hawezi tena kuruka.

Historia ya upande wa Tanzania imeandikwa kwa vipande. Mwaka 1906, nchi ikiwa bado katika majivu ya Vita vya Maji Maji, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Lindi na kusafiri hadi Masasi, Newala na Mahuta akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alirekodi nyimbo, akapiga picha za ngoma na za wachezaji wa vinyago na ngongoti, na kununua vitu vingi vilivyopelekwa Ujerumani. Kazi yake ni hazina, na ina upungufu mkubwa, kwani kinyago kilichonunuliwa kwa mchezaji asubuhi kiliingia kwenye daftari la makumbusho kikiwa na jina la mnunuzi na la kabila peke yake. Desturi hiyo ya uandishi iliendelea karne nzima.

Dini zilizoingia hazikuufuta uwanja, ila zilibadili masharti yake. Pwani, kuanzia Mikindani hadi vijiji vya mlango wa Ruvuma, ambako Wamakonde wengi wa pwani ni Waislamu, jando lilipatana na mafunzo ya dini, na kinyago kikabaki katika sherehe ingawa baadhi ya masheikh walikikemea. Bara, katika Dayosisi ya Masasi ya Kanisa la Kianglikana, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wake wa kwanza tangu 1926, alichagua njia iliyokuwa ya pekee wakati huo: badala ya kulipiga marufuku jando alilifanya la Kikristo, likiwa na sala na maungamo pamoja na tohara. Jando la aina hiyo liliwalinda vijana na mgongano wa nyumba na kanisa, lakini halikuwa na haja kubwa ya mzuka, na mahali pengine mchezaji wa ndimu alijikuta akialikwa kwenye sherehe ya kutoka wakati hakualikwa tena kwenye mafunzo yenyewe. Hapo kinyago kilianza kugeuka onyesho.

Msukumo mwingine ulikuwa kazi ya mshahara. Kuanzia miongo ya mwanzo ya karne ya 20 maelfu ya Wamakonde wa Msumbiji, wakikimbia kodi na kazi za lazima za Wareno, walivuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Mikindani, Lindi na hadi Tanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kushindwa vibaya. Karanga hazikupatikana, bali mji ulibaki, na pamoja nao watu wa kila upande wa mto. Katika kambi za wafanyakazi hao hapakuwa na mpolo wa kijiji wala mjomba wa kumvua lipiko mbele ya mwali, lakini zilikuwapo Jumapili, ngoma, na vijana waliotaka kuonyeshana. Ngoma za mashindano zilikuwa zimeenea pwani yote tangu enzi ya beni, zile ngoma za gwaride za Marini na Arinoti zilizogawa miji katika pande mbili, na wachezaji wa vinyago waliingia katika ulimwengu huo wakiwa tayari wanajua ushindani.

Baada ya uhuru dola mbili zilikichukua kinyago kwa namna mbili. Tanganyika ilianzisha wizara ya utamaduni mwishoni mwa 1962, na mwaka uliofuata likaundwa kundi la ngoma la taifa, ambalo lilimfanya mchezaji wa ngoma, kwa mara ya kwanza, kuwa mwajiriwa wa serikali mwenye mshahara. Ngoma ya Wamakonde iliyopata bahati kubwa kuliko zote ilikuwa sindimba, iliyofupishwa, ikapangwa mistari na kufundishwa shuleni nchi nzima, na jukwaani vinyago vilionekana mbele ya viongozi, wageni, wanawake na watoto bila kizuizi. Kundi hilo lilipokwisha, Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa 1981 kilirithi kazi hiyo. Ufupishaji huo ulikuwa na gharama ambayo wapenda ngoma hawana budi kuikiri. Dakika saba za jukwaani haziwezi kubeba ule usiku mzima ambao lipiko hutishia, hupotea, hurudi, na umati ukachoka na kuamka tena. Lakini pasipo jukwaa hilo mtoto wa Mwanza au Bukoba asingelijua kabisa kwamba kusini kuna sanaa hii.

Upande wa pili wa mto mambo yalikuwa mazito zaidi. Mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, kuundwa kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, jijini Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na vita vilivyoanza Cabo Delgado mwezi Septemba 1964 viliufanya mpaka wa Ruvuma kuwa njia ya wapiganaji na wakimbizi, na Mtwara ikawa nyuma ya uwanja wa vita kwa miaka 10. Mapiko yalicheza katika vita hivyo, yakimdhihaki mkoloni na kuimba ukombozi. Lakini itikadi ya mapinduzi haikuvumilia siri inayomtenga mwanamke, na usiri wa kinyago ulipigwa vita ukiwa masalia ya ushirikina na unyonge wa wanawake. Wanawake wenyewe walikwenda mbali zaidi. Katika wilaya za Nangade, Mueda na Muidumbe wamekuwa na ngoma yao ya vinyago, lingundumbwe, ambayo Israel ameifuatilia tangu miaka ya 1950, na ambamo waliokuwa wakikimbizwa wanavaa wao. Hakuna ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba walikuwa wameuelewa mchezo muda wote.

Mieleka ya kulipwa ya Marekani imejengwa juu ya mapatano yanayofanana na haya ya mapiko. Tofauti na mieleka ya Olimpiki, ambayo mshindi wake hupatikana kwa nguvu na ufundi peke yake, mieleka hii ya maonyesho ina mshindi aliyeamuliwa kabla ya pambano, na wanamieleka wawili hushirikiana kuufanya ushindi huo uonekane wa kweli, huku maumivu mengi yakiwa ya kweli kabisa. Kwa miongo mingi wenye mchezo waliitunza siri hii kwa ukali, hata maadui wa ulingoni hawakuonekana wakila pamoja mjini. Mwaka 1989 kampuni kubwa kuliko zote, WWF, ilieleza mbele ya baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mchezo wake ni burudani, si mashindano ya michezo, kwa nia ya kuepuka usimamizi na kodi za michezo. Mashabiki hawakupungua, kwa kuwa wao pia walijua tangu zamani.

Ulingo huo ulimzaa mtu ambaye kazi yake inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, ingawa hakutoka huku. James Harris alizaliwa mwaka 1950 Senatobia, Mississippi, katika familia ya wakulima weusi waliolima mashamba ya wengine, akaendesha malori, na kuanza mieleka mwaka 1978. Alipita Uingereza kwa jina la Mississippi Mauler, na mwaka 1982, huko Tennessee, mapromota Jerry Jarrett na Jerry Lawler walimtengenezea nafsi mpya: Kamala, Jitu la Uganda, aliyesemekana kuwa mlinzi wa zamani wa Idi Amin, dikteta aliyekuwa ameangushwa miaka mitatu tu kabla. Harris, mtu wa futi sita na nusu na zaidi, alipakwa nyota na mwezi mwilini, akavikwa kitambaa chenye madoa ya chui, akatembea pekupeku na mkuki mkononi, na alipoingia ulingoni alivaa kinyago kikubwa cha mti. Hakuruhusiwa kusema neno linaloeleweka. Alipigana na Hulk Hogan katika miaka ya 1980, na mwezi Agosti 1992 alikutana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu wapatao 80,000.

Kinyago hicho kilikuwa kosa la kijiografia na dhuluma kwa wakati mmoja. Uganda si nchi iliyojulikana kwa vinyago vya kuvaa. Kama waliomtengeneza Kamala wangemtafutia Afrika Mashariki kinyago cha kweli, wangelazimika kushuka kusini hadi Ruvuma, na hapo wangekuta watu ambao kwao kinyago ni elimu, kina walimu, kina mtihani na kina adabu. Ulingo ulikitumia kwa maana iliyo kinyume chake, kiwe alama ya mtu asiye na elimu wala lugha. Katika mapiko Mmakonde alimvaa Mreno ili amcheke aliyemtawala. Kwa Kamala, mjukuu wa watu waliochukuliwa Afrika alivalishwa Afrika ya uongo ili wengine wamcheke yeye. Harris mwenyewe hastahili lawama hata chembe. Aliifanya kazi aliyopewa kwa ustadi wa mwili ambao mchezaji yeyote wa kinyago angeutambua, maana kumfanya mtu mwenye umbo kama lile aonekane amechanganyikiwa, ana hofu, kisha ana hasira, bila neno hata moja, ni ufundi wa kweli.

Kustaafu kwake kunaonyesha tofauti iliyo muhimu zaidi kuliko zote. Nafsi ya Kamala ilibuniwa na wengine na kuuzwa na wengine, na mwili ulipochoka hakukuwa na mpolo wa kurudia. Kisukari kilimfanya akatwe mguu wa kushoto mwaka 2011 na wa kulia mwaka 2012. Alitengeneza viti vya mbao kwa mikono yake na kuviuza, alieleza maisha yake katika kitabu, na mashabiki walimchangia fedha. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020 akiwa na umri wa miaka 70, baada ya kuugua UVIKO-19. Mexico, ambako mieleka ya vinyago ina heshima kubwa, mambo yalikuwa mengine: El Santo alikivaa kinyago chake cha fedha hadharani kwa takriban miaka 40, akastaafu 1982, akakifunua kwa sehemu mbele ya televisheni mwezi Januari 1984, na siku chache baadaye alifariki na kuzikwa nacho. El Santo alikimiliki kinyago chake. Kinyago cha Kamala kilimmiliki Harris. Na mchezaji wa Ruvuma alikuwa katika hali ya tatu, ya mtu aliyekabidhiwa uso na kundi lake na kuukabidhi kwa mwingine akiwa bado hai.

Vinyago vyenyewe vimekuwa na safari iliyoandikwa vizuri kuliko wachezaji wake. Mwaka 1984 kinyago cha lipiko kiliibwa, pamoja na vitu vingine, kutoka Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 kilitambuliwa kuwa ndicho kilichoibwa. Na baada ya mazungumzo ya miaka 20 mkataba wa kukirudisha Tanzania ulitiwa saini Paris mwezi Mei 2010. Wasimamizi wa urithi duniani hulitaja tukio hilo kuwa mfano wa kurejesha mali ya taifa, na ni haki kulifurahia. Lakini kumbukumbu zake zinafuata umiliki wa kitu: nani alikinunua, wapi, lini, kwa mkataba upi. Jina la mtu aliyepumulia ndani yake halikuwa na safu katika jedwali.

Safu hiyo inaweza kuongezwa sasa. Makundi ya vinyago bado yanacheza Mtwara, kwenye sherehe za jando na kwenye tamasha la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao liitwalo MaKuYa, na nyuma ya wapigaji wa vinganga wamo wanaume waliowahi kuvaa ndimu au lipiko katika miaka ambayo simulizi hii imeipitia, wengine wakiwa wamevuka mto wakati wa vita wakiwa watoto. Israel aliwasikiliza wenzao wa Mueda kwa miaka mingi na kitabu kikapatikana. Kwa upande wa Newala, Tandahimba, Nanyamba, Kitaya na Msimbati kazi kama hiyo, ya kuuliza ni nani alimfundisha nani, kundi lipi lilimshinda lipi na kwa hatua gani, iko ndani ya uwezo wa vyuo vya sanaa na idara za historia za nchi hii, na wa kuulizwa ni wazee.